Kipimo cha DNA cha mate kinachodai kuonyesha "kinga ya asili ya VVU": nyota 2 kati ya 5

Kuna dada mmoja huwa tunakutana kwenye vikao vya harusi, juzi kaniuliza kama lile boksi la kupima DNA kwa mate ni kweli linaweza kumwambia mtu kwamba yeye hashiki UKIMWI. Nikamwambia subiri nitaandika yote mana kwa maneno mawili sitaweza, na najua hayuko peke yake anayejiuliza. Kampuni siitaji jina, ziko nyingi zinauza kitu kinachofanana. Nilinunua kwa pesa yangu mwenyewe, maboksi mawili kwa ofa, pauni 139, moja langu na moja la mume wangu.

Kwanza mjue kwanini nililitaka. Mimi mtu wa Tanga, sa hivi naishi Leicester, Uingereza. Mume wangu anaishi na VVU, tulijua 2009, na siku ileile mimi nilipimwa nikakutwa sina, nikarudia baada ya miezi mitatu sina, na tangu hapo kila mwaka napima na sina. Watoto wetu wawili hawana. Nimemuomba ruhusa kabla sijaandika na amesoma kila mstari, kwaiyo msije mkasema nimemwanika.

Wifi yangu mkubwa, dada yake mume wangu, alipoambiwa majibu yetu alinishika mkono akaniangalia mda mrefu alafu akasema, "Wifi, wewe una damu kali, hicho kitu hakikushiki." Hakuwa na ubaya, alikuwa ananifariji na mimi nilifarijika. Jirani naye akasema ni grupu O hiyo, watu wa grupu O hawashiki. Mimi wala sio O. Lakini neno "damu kali" lilikaa ndani yangu miaka yote hiyo, na nimekuja kugundua lilikaa ndani ya mume wangu pia, tena kwake ndo lilikaa zaidi, ila hatukuwahi kuliongelea.

Sasa mwaka jana nikawa nasoma habari za yule mgonjwa wa Berlin, Timothy Ray Brown, na yule wa London, Adam Castillejo. Wote walikuwa na VVU na wote walipata saratani ya damu, Brown lukemia na Castillejo limfoma, wakapandikizwa uboho (ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu) wa mtu mwingine, Brown mwaka 2007 na Castillejo 2016, na hao waliowatolea uboho walikuwa wamezaliwa na jeni moja inayoitwa CCR5 ikiwa imekatika. Baada ya hapo waliacha ARV na kirusi hakikurudi. Brown alikuja kufariki 2020 kwa ile lukemia kurudi, sio kwa VVU. Nikasema kumbe! Kumbe kuna watu kweli damu yao haishiki, wifi alikuwa anasema kitu cha kweli. Wiki ileile tangazo la hili boksi likanijia, limeandikwa kabisa linapima "kinga ya asili dhidi ya VVU". Nikalipia usiku huohuo.

Boksi lenyewe sina neno nalo, limetengenezwa vizuri. Ndani kuna kichupa cha plastiki chenye mstari, kifuniko chenye dawa ya buluu ndani yake, mfuko wa kurudishia na stika ya msimbo. Unatakiwa usile, usinywe, usipige mswaki nusu saa, alafu unatema mpaka mate yafike kwenye mstari, na hapa nawaambia ukweli mapovu hayahesabiwi, mimi ilinichukua karibu robo saa nimekaa jikoni nakamua mashavu kwa vidole. Ukifunga kifuniko ile dawa ya buluu inashuka inachanganyika na mate, unatikisa, unaposti. Posta wameshalipwa. Majibu yalitoka wiki ya 5 wakati walisema 4 mpaka 6, kwaiyo hapo wametimiza ahadi. Sehemu ya asili ya ukoo nayo ilinifurahisha, ila sio nilichokifuata.

Tuje kwenye ripoti. Unafungua apu, kuna kurasa za nywele, usingizi, kahawa, maziwa, alafu katikati ya hizo, kati ya maziwa na kipara, kuna kiboksi cha rangi ya chungwa kimeandikwa kwamba CCR5 yangu ni ya kawaida na sina kinga ya asili dhidi ya VVU. Sentensi mbili. Hakuna kiungo cha kusoma zaidi wala namba ya kupiga, na hakuna neno lolote kwa mtu ambaye anaisoma hii akiwa analala kitanda kimoja na mtu mwenye VVU. Niliisoma nimesimama kwenye kituo cha basi na nikahisi miguu inalegea.

Kosa langu, nilifika nyumbani nikampa mume wangu simu asome. Akasoma, akanirudishia simu, akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa. Usiku ule alichukua blanketi akalala kwenye kochi. Na kesho yake hivohivo. Siku ya tatu nikamuuliza, akasema, "Mama Yusra, mimi miaka yote nilijua Mungu amekupa damu ambayo mimi siwezi kuiharibu. Sasa naambiwa hukuwa na kitu. Nimekuwa nikikuhatarisha siku zote hizo?" Siku tisa alilala kwenye kochi. Mtu ambaye hajawahi kukosa dozi hata moja, mtu ambaye saa 3 kamili usiku simu ikilia anaacha mpira unaendelea anaenda kumeza, akisafiri anaweka pamba ndani ya kopo vidonge visilie kwenye begi. Siku tisa kwasababu ya sentensi mbili kwenye apu. Hapo ndo nyota tatu zilipoondoka na sitazirudisha.

Niliwaandikia kastoma kea. Nikawaeleza hali yetu, nikauliza swali moja tu, je hii inamaanisha niko hatarini? Baada ya siku nne wakajibu kwamba ripoti zao ni za taarifa tu na sio ushauri wa kitabibu, niwasiliane na daktari wangu. Sawa, lakini kama sio ya kitabibu kwanini tangazo linataja VVU?

Aliyetuokoa ni nesi wa kliniki yake mume wangu, mama mmoja mtaratibu sana, alitukalisha wote wawili dakika kama 40 akatueleza, na mengi nitakayoandika hapa chini nilianza kuyaelewa pale alafu nikaenda kusoma mwenyewe.

Nesi wetu wa Tanga zamani alikuwa anaziita seli za CD4 askari wa mwili, na mimi nitaendelea hivohivo. Askari akiwa anazunguka kwenye damu lazima ajue anaitwa wapi. Pale penye kidonda au mdudu kaingia, seli za pale zinamwaga kemikali ndogondogo zinaitwa kemokaini, hiyo ndo mbiu ya mgambo, na juu ya ganda la askari kuna vipokezi vya kuisikia hiyo mbiu. CCR5 ni kimoja wapo. Ni sikio kwa lugha yetu, mbiu ikilia askari anaifuata mpaka alipo adui. Sasa kirusi cha UKIMWI kinalitumia hilo sikio kama mlango. Kinaanza kwa kushika kipokezi kingine cha askari, hicho chenyewe kinaitwa CD4, kikishashika kinabadilika umbo kidogo na kutafuta kitu cha pili cha kushika, na mara nyingi sana, hasa siku za mwanzo mtu anapoambukizwa, hicho cha pili ni CCR5. Kikikosa cha pili hakiingii ndani ya seli.

Haya yalijulikana miaka ya 1995 na 1996. Kwanza maabara ya Robert Gallo Marekani ikaonyesha kwamba kemokaini tatu zinazotolewa na mwili wenyewe zinaweza kukizuia kirusi, watu wakajiuliza zinakizuiaje, na mwaka uliofuata maabara kadhaa zikakuta kwamba mlango ni CCR5, ndo mana kemokaini zikikaa kwenye sikio kirusi kinakosa pa kushika. Mwaka huohuo 1996 wakakuta watu waliokutana na kirusi mara nyingi bila kuambukizwa, na baadhi yao jeni ya CCR5 ilikuwa imepungukiwa herufi 32 za DNA. Ndo wanaiita delta-32. Herufi 32 zikitoka, kipokezi kinatengenezwa nusu na hakifiki nje ya seli, mlango haupo kabisa.

Ila sasa hapa ndo ripoti ilipotakiwa kuongea na haikuongea. Ili uwe na hiyo kinga lazima upate jeni iliyokatika kwa baba na kwa mama, zote mbili. Kwa watu wa kaskazini mwa Ulaya wenye nakala mbili ni kama mtu 1 kati ya 100, wenye nakala moja ni kama 10 mpaka 20 kati ya 100, na hao wa nakala moja wanaambukizwa kama kawaida ila ugonjwa kwao kama hawajatibiwa huwa unaenda taratibu zaidi. Kwa sisi wenye asili ya Afrika pande zote delta-32 karibu haipo kabisa. Badiliko hilo lilizuka kwa watu wa Ulaya, sio letu. Mana ake kampuni imemuuzia mwanamke wa Kidigo kipimo ambacho jibu lake lilikuwa linajulikana kabla hajatema mate! Walishaniambia kwenye kurasa ya ukoo kwamba asili yangu ni Afrika Mashariki, walikuwa wanajua, na bado wakaniandikia "huna kinga" kana kwamba nimekosa kitu ambacho wenzangu wanacho. Hili limeniuma kuliko pesa.

Na hata mwenye nakala mbili hayuko salama asilimia 100, mana kuna virusi vinavyotumia mlango mwingine unaitwa CXCR4, na wapo watu wenye delta-32 mbili walioambukizwa kwa njia hiyo. Ujerumani kuna mgonjwa wa Essen aliyepandikizwa uboho wa aina ileile kama Brown, na kirusi chake kikarudi kikipitia mlango huo wa pili. Alafu sikio sio pambo. Watu wasio na CCR5 wanaishi vizuri tu, lakini wakipata homa ya West Nile, kirusi ambacho kiligunduliwa Uganda mwaka 1937, wao wanaumwa zaidi kuliko wengine, kwasababu askari wao hawasikii mbiu vizuri ya kwenda kwenye ubongo. Hayo yote hayamo kwenye zile sentensi mbili.

Kitu kingine ambacho nilitamani wangekigusa ni wanawake wa Majengo, Nairobi. Hii inatuhusu sisi moja kwa moja. Kuanzia 1985 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wa Manitoba, Kanada, walikuwa wanawafuatilia wanawake wanaofanya biashara ya ngono pale Pumwani, ndiko Majengo iliko, na kati ya wanawake 424 waliosajiliwa mpaka 1994 wakiwa hawana VVU, zaidi ya nusu waliambukizwa, lakini 43 walikaa miaka mitatu na zaidi bila kuambukizwa pamoja na hatari yote ile. Hao hawakuwa na delta-32. Kinga yao ilionekana kuhusiana na askari wengine, wale wanaoua seli zilizoshambuliwa, walikuwa wameshakitambua kirusi mapema. Na cha kusikitisha, baadhi yao walioacha kazi kwa muda alafu wakarudi, waliambukizwa. Kwaiyo hata pale palipokuwa na kitu cha kweli ambacho mtaani tungekiita damu kali, hakikuwa cha kudumu wala cha kukiegemea. Kuna pia jeni jirani yake CCR5 kwenye kromosomu ya 3, yaani uzi uleule wa DNA, inaitwa CCR2, utafiti wa Nairobi wa 1998 ulioongozwa na Omu Anzala ulikuta badiliko lake moja linaendana na ugonjwa kuchelewa kwa wanawake wa Kiafrika. Sio kuzuia kuambukizwa, kuchelewa. Kwenye ripoti yangu CCR2 hata haikutajwa.

Nesi alituuliza swali moja akamwangalia mume wangu, "Wingi wako wa virusi mara ya mwisho ulikuwa ngapi?" Akasema chini ya 20, yaani nakala za kirusi kwenye mililita moja ya damu. "Na kabla ya hapo?" Chini ya 20. "Basi mke wako hajaambukizwa kwasababu wewe unameza dawa."

Mume wangu alilia. Mimi nilikuwa sijamuona analia tangu 2009.

Akatueleza kuhusu utafiti wa PARTNER uliofanyika Ulaya, jozi 888 za wenza ambao mmoja ana VVU na mwingine hana, walifanya mapenzi bila kondomu kama mara 58,000, mwenye VVU akiwa kwenye dawa na virusi viko chini ya 200, na hakuna hata mmoja aliyeambukizwa na mwenza wake. Sifuri. Kuna wazungu wengi mle ndani na mimi nikauliza, je sio delta-32 yao? Akacheka akasema swali zuri, lakini kumbuka wenye nakala mbili ni mtu 1 kati ya 100, hao wengine 99 je? Na akasema utafiti mwingine mkubwa, HPTN 052, ulifanyika zaidi Afrika, Kenya ikiwemo, na Brazili, India na Thailand, jozi 1,763 za wenza, na mwaka 2011 ulionyesha kuanza dawa mapema kunapunguza maambukizi kwa asilimia 96, na wachache walioambukizwa na wenza wao ilikuwa ni pale virusi vilikuwa havijafubazwa na dawa.

Kwetu sisi ilikuwa hivyohivyo. Alianza dawa Tanga 2009, enzi zile tulikuwa tunapimiwa CD4 tu, wingi wa virusi tulikuja kuujua baadaye sana, lakini dawa ilikuwa inafanya kazi yake kimyakimya kila usiku wakati sisi tunasifia damu yangu. Miezi ya mwanzo tulitumia kondomu kama tulivyoambiwa, na hiyo nayo ilifanya kazi yake. Heshima yote ile miaka yote nimepewa mimi wakati anayestahili ni yeye.

Nilishusha pia faili la data ghafi, kampuni inaruhusu na hilo nawapongeza. Ni faili refu la herufi tupu, unatafuta rs333 ambayo ndo anwani ya delta-32, kwangu pameandikwa II. I maana yake kipande kipo, D maana yake kimekatika, kwaiyo II ni nakala zote nzima. Mkiona DD msirukeruke, vipimo hivi vya kuposti vina makosa hasa kwenye vipande vilivyokatika, jibu kama hilo linatakiwa kurudiwa maabara ya hospitali. Na mkiona DD bado kondomu na PrEP (dawa anayotumia asiye na VVU ili asiambukizwe) ziko palepale.

Mtu mwingine ataniuliza, je kuna dawa ya kuziba huo mlango? Ipo, inaitwa maraviroc, iliruhusiwa 2007, inakaa kwenye CCR5 kirusi kisishike. Lakini inahitaji kipimo kwanza cha kujua kirusi chako kinatumia mlango gani, na wanaopewa ni wachache ambao dawa nyingine zimegoma. Kama uko kwenye dawa za kawaida na virusi vimefubaa huna sababu ya kuitafuta.

Kwaiyo nani anunue? Kama unataka kujua ukoo wako na una pesa ya kuchezea, nunua, hiyo sehemu iko sawa. Kama unataka kujua habari ya VVU usinunue, nenda ukapime VVU chenyewe, huku Uingereza kliniki za afya ya uzazi ni bure na nyumbani Tanzania ni bure pia, na kama mwenza wako anayo muulize wingi wa virusi wake, hiyo namba moja inakuambia kuliko herufi zote za mate yako. Kampuni nayo ikifuta lile neno "kinga" kwenye tangazo, ikaweka maelezo ya maana na namba ya kupiga, nitarudi kubadilisha nyota.

Wifi nimempigia. Nimemueleza yote, akanyamaza kidogo akasema, "Kumbe kaka yangu ndo alikuwa anakulinda." Nikamwambia ndio wifi, ni yeye.

Boksi la pili, la mume wangu, hatukulifungua. Nililirudisha likiwa na plastiki yake, pesa ya boksi moja imerudi baada ya siku 11, wamekata pauni 10 ya usafirishaji.